Mbizi za Kina Huanzia Mlimani

Mzamiaji anayeishi Kigali ana tatizo ambalo mwenzake wa Nungwi au Watamu hana: anaishi juu mno. Jiji hili limekaa mita 1,500 na ushei kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Kivu, ambalo ndilo bahari yetu ya karibu, liko mita 1,460. Kwa mtu anayeogelea juu juu na kurudi kwenye kiti chake ufukweni, hilo halina maana yoyote. Kwa anayetaka kujiandikisha katika kozi ya uzamiaji wa kiufundi, yaani ule wa kushuka chini ya mita 40, wa kubadilisha gesi ukiwa majini na wa kusubiri kwa vituo kabla ya kuibuka, au ule wa kuingia mapangoni ambako juu ya kichwa kuna mwamba badala ya anga, kimo hicho ndicho hesabu ya kwanza. Vitabu vingi vya mafunzo viliandikwa na watu wa pwani kwa ajili ya watu wa pwani, na habari za nyanda za juu hupewa kurasa chache za mwishoni.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pwani, hewa inatugandamiza kwa kiasi cha baa moja, na kila mita kumi za maji huongeza takriban baa moja nyingine. Mzamiaji aliye mita 30 huko Pemba yuko chini ya baa nne. Akiibuka, mgandamizo juu ya mwili wake umeshuka mara nne. Sasa mlete Rubavu, ufukweni mwa Kivu. Juu ya Kivu hewa ni nyepesi, kama baa 0.84 tu. Akishuka mita 30 anafikia baa 3.8 hivi, pungufu ya alizopata Pemba, na anaweza kudhani amepata nafuu. Lakini akiibuka harudi kwenye moja, anarudi kwenye 0.84, kwa hiyo mgandamizo umeshuka mara nne na nusu. Uwiano huo, wala si mita zinazosomeka kwenye kompyuta ya mkononi, ndio unaoamua kama naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itatoka taratibu kupitia mapafu au itageuka mapovu ndani ya damu na viungo. Kwa mwili, mita 30 za Kivu ni kama mita 35 za baharini.

Kompyuta nyingi za kuzamia za siku hizi hujipima zenyewe kimo cha mahali. Nyingine husubiri uziambie. Ukienda ziwani na kompyuta ya kuazima, hilo ndilo swali la kumuuliza mwenyewe kabla hujauliza betri.

Kuna shimo moja Afrika Kusini, katika jimbo la Northern Cape, ambalo habari zake zinamhusu mzamiaji wa nyanda za juu kuliko habari za mwamba wowote wa matumbawe. Linaitwa Boesmansgat, na liko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kimo kile kile cha Kigali. Mwaka 1996 Nuno Gomes alishuka humo hadi mita 282.6, na kwa sababu ya kimo cha mahali ratiba yake ya kuibuka ilibidi ipangwe kana kwamba ameshuka mita 339 baharini. Tarehe 8 Januari 2005, rubani kutoka Australia, David Shaw, aliingia humo kuutoa mwili wa kijana Deon Dreyer, aliyekufa akizamia shimoni humo Desemba 1994. Shaw mwenyewe ndiye aliyeuona mwili huo miezi michache kabla, ukiwa kwenye mita 270 hivi. Safari hii alikuwa na mfuko wa kuutilia, na kazi ya mikono ilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia. Kwenye kina kile gesi anayovuta mtu huwa nzito, kila pumzi ni kazi, na hewa ya ukaa hujaa mwilini upesi kuliko mapafu yanavyoweza kuitoa. Kamera iliyokuwa kichwani mwake ilirekodi pumzi zake zikizidi kuwa fupi mpaka zikakoma. Mwenzake, Don Shirley, aliyekuwa akishuka nyuma yake, aliumizwa sikio la ndani na mapovu na akatumia saa nyingi akining'inia kwenye kamba kabla ya kutoka akiwa hai. Siku chache baadaye, wenzao walipokuwa wakivuta vifaa vilivyobaki, miili yote miwili ikapanda juu.

Sijamtaja Shaw ili kutisha watu. Alikuwa amejiandaa kwa kiwango ambacho wengi wetu hatutakifikia, tena akiwa na kikosi kizima juu yake. Kilichomshinda ni jambo linaloweza kumpata mwanafunzi wa wiki ya kwanza kwenye mita 45: kufanya kazi ya nguvu huku anavuta gesi nzito. Ndiyo maana maandalizi ninayoyazungumzia hapa yanahusu zaidi kupunguza kazi kuliko kuongeza ujasiri.

Lakini kwanza barabara. Mtu ameibuka Rubavu saa tano asubuhi, amekula sambaza za kukaanga, na saa saba mchana amekaa kwenye basi la kwenda Nyabugogo, Kigali. Anahisi amekwisha maliza mbizi. Basi linapanda Bigogwe na Mukamira, ambako barabara imepita mita 2,000, linashuka Musanze kwenye mita 1,850, kisha linazunguka milima hadi Kigali. Kwa mwili wake ni kana kwamba amepanda ndege ndogo baada ya chakula cha mchana. Mikono ikianza kufa ganzi au bega likianza kuuma karibu na Mukamira, atalaumu kiti cha basi.

Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji duniani, hupendekeza kusubiri saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, saa 18 baada ya mbizi nyingi, na muda mrefu zaidi ya saa 18 pale mzamiaji alipolazimika kusubiri kwa vituo. Mapendekezo hayo yalitungwa kwa watu wanaokwenda kwenye kimo cha kati ya mita 600 na 2,400, ambacho ndicho kimo cha ndani ya ndege ya abiria. Tazama tarakimu hiyo ya kwanza. Kigali yote, kuanzia mabonde ya Nyabugogo hadi vilima vya Rebero, iko ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo hata anayerudi kutoka Dar es Salaam kwa basi kupitia Rusumo, akijisifu kwamba amekwepa ndege, anapanda kimo hicho hicho. Nafuu yake ni kwamba barabarani anakaa zaidi ya siku nzima.

Kozi ya kiufundi ina ubaya mmoja wa kalenda: mbizi ngumu zaidi, zenye vituo virefu zaidi, huwekwa siku za mwisho. Ukikata tiketi ya kurudi kazini Jumatatu asubuhi, utajikuta unamwomba mwalimu afupishe mbizi ya Jumamosi, au unaiacha kabisa, au unapanda ndege ukiwa na mapovu. Weka siku mbili za kukaa bure pwani, na uzihesabu kama sehemu ya ada. Anayekuja upande wa pili naye ana lake: mtu aliyeshuka kwenye ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na jioni akaingia Kivu, anaingia na naitrojeni ya pwani ambayo mwili bado haujaitoa. Akalale kwanza.

Sasa bwawa. Wapo wanaoona haya kufanyia mazoezi kwenye bwawa la hoteli, ambapo watoto wanarusha mpira na kina hakizidi kimo cha mtu na nusu. Wanasema watajifunza vizuri wakifika baharini. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, na kwa jambo hili bwawa lina ukali ambao bahari haina. Hewa iliyo ndani ya koti la kuelea na ndani ya mapafu hutanuka na kusinyaa zaidi karibu na uso wa maji kuliko kilindini. Kupanda nusu mita ukiwa kwenye mita 20 karibu hakubadilishi chochote. Kupanda nusu mita ukiwa kwenye mita moja na nusu kunakutupa juu. Anayeweza kutulia tuli katikati ya maji ya bwawa la Kigali, bila kupanda wala kugusa vigae, akifika Pemba atashangaa jinsi ilivyo rahisi.

Kutulia huko ndiko kozi nzima inakojengwa. Mwili ulale sambamba na sakafu, magoti yakunjwe ili mapezi yawe juu na nyuma, kichwa kiinuliwe, mikono mbele. Halafu usifanye lolote. Hesabu dakika moja. Wengi hawamalizi: mapezi yanaanza kutikisika yenyewe, viganja vinapiga maji, miguu inashuka polepole kana kwamba imechoka. Kila mtikisiko ni pumzi iliyopotea, na ndani ya pango ni tope lililofukuzwa sakafuni. Ukishaweza kutulia, vua miwani ukiwa umetulia vile vile, uivae tena, uitoe maji. Kisha mpe mwenzako hewa kupitia bomba refu, lile la mita mbili hivi ambalo wazamiaji wa mapangoni hulizungusha shingoni, bila nyinyi wawili kupanda wala kushuka. Kisha jifunze teke la chura, linalosukuma maji nyuma badala ya chini, na baada ya hapo jifunze kurudi kinyumenyume kwa mapezi, jambo litakalokukasirisha kuliko yote. Wajulishe walinzi wa bwawa mapema. Mtu aliyelala dakika kumi chini ya maji bila kutikisika ni sababu tosha ya kuruka na nguo.

Kuogelea nako kusidharauliwe. Shirika la mafunzo la PADI humtaka anayeanza kabisa aogelee mita 200 na kuelea dakika kumi. Kozi ya msingi ya shirika la GUE, ambayo wengi huichukua kama mlango wa uzamiaji wa kiufundi, inataka mita 275 mfululizo ndani ya dakika 14. Si mbio za Olimpiki, lakini nimeona watu wenye mitungi ya bei mbaya wakihema kwenye mita ya mia. Jumapili za Car Free Day, barabara za Kigali zinapofungwa kwa magari, ni nafasi nzuri ya kukimbia; vilima vinafanya yaliyobaki. Mitungi miwili ya chuma ya lita 12 pamoja na vyuma vyake hupita kilo 30, na utaibeba kutoka kwenye gari hadi majini, mara nyingi juani, kabla mbizi haijaanza.

Mazoezi mengine hayahitaji maji kabisa. Chukua kamba nyembamba, funga kwenye mti wa kwanza uani, pitisha kwenye guzo la uzio, zungusha kwenye mti wa pili, shuka nayo karibu na ardhi, ipandishe tena, uimalizie mlangoni. Hakikisha haijalegea popote. Sasa fumba macho na uirudie kwa kuishika kwa kidole gumba na cha shahada, bila kuivuta. Mwenzio awe nyuma ameshika mkono wako, nanyi mzungumze kwa kubanana tu: mbano mmoja simama, mwingine songa. Mtu wa nne au wa tano akikatiza uani kwenda dukani mtajua kama mnaweza kutulia. Watoto wa jirani watacheka. Ndani ya pango lililochafuka tope, kamba hiyo ndiyo njia pekee ya kurudi, na mkono ambao haujawahi kuifuata gizani huikamata kwa nguvu na kuing'oa pale ilipofungwa.

Habari za kamba zilikusanywa kwa damu. Sheck Exley, mzamiaji wa mapangoni wa Florida, alitoa mwaka 1979 kitabu kidogo kilichochambua vifo vya wenzake kimoja baada ya kingine na kutafuta kilichokosekana. Majibu yalijirudia: hapakuwa na kamba mfululizo hadi nje; gesi haikuachwa ya kutosha kurudia; walishuka kina kilichozidi uwezo wao. Wengine waliongeza ukosefu wa mafunzo na wa taa za akiba, na hadi leo mzamiaji wa pango huingia na taa tatu. Huko Florida vibao vimewekwa ndani ya maji kwenye milango ya mapango, vyenye picha ya Mauti na onyo kwamba humo ndani hakuna kitu ambacho mtu anapaswa kufa kwa ajili yake. Exley mwenyewe alifariki Aprili 1994 katika shimo la Zacatón, Mexico, akijaribu kufikia chini kabisa.

Aliyeona haya yote kwenye televisheni bila kujua anaona nini, akumbuke Thailand mwaka 2018. Vijana 12 wa mpira na kocha wao walinaswa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang. Makomando wa jeshi la majini walikuwapo kwa makumi, wenye nguvu na nidhamu. Waliowakuta vijana hao, tarehe 2 Julai, ni Waingereza wawili wa makamo, Rick Stanton, aliyekuwa mzima moto, na John Volanthen, mtaalamu wa kompyuta, ambao mapango yenye maji baridi na machafu yalikuwa burudani yao ya wikiendi. Tarehe 6 Julai, Saman Kunan, komando wa zamani aliyejitolea kupeleka mitungi ndani, alifariki njiani akirudi. Ustadi wa baharini, hata wa kijeshi, haukumhamishia mtu ustadi wa pangoni. Anayetoka kwenye mbizi mia za matumbawe akadhani kozi ya pango ni nyongeza ndogo, asome tena majina yaliyotajwa hapa juu.

Rwanda ina mapango, lakini makavu. Ya Musanze ni mahandaki ya lava yenye urefu wa kilomita mbili, yanayotembelewa kwa kiongozi, na wenyeji huyaheshimu kwa yaliyotokea humo mwaka 1994. Yanaweza kukuonyesha giza kamili lina uzito gani. Pango la maji utalifuata mbali: Afrika Kusini, Mexico, Florida, Ufaransa.

Halafu kuna hesabu ya mezani, ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu haidanganyi. Chukua mtu mtulivu anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa nchi kavu. Kwenye mita 30 za baharini, chini ya baa nne, atavuta lita 80. Mitungi miwili ya lita 12 iliyojazwa baa 200 ina lita 4,800. Kanuni ya theluthi inasema: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura. Theluthi ni lita 1,600, kwa hiyo ana dakika 20 za kwenda ndani. Vizuri. Sasa mwenzake akose hewa kabisa pale pale mwisho wa safari. Watu wawili, kila mmoja lita 80, dakika 20 za kurudi: lita 3,200. Zimebaki lita ngapi? Hizo hizo 3,200. Hakuna hata lita moja ya ziada. Na hiyo ni kwa watu waliotulia. Nani anayetulia anapovuta hewa ya mwenzake gizani? Kila mmoja akipanda hadi lita 30, safari ile ile inataka 4,800. Theluthi ambayo wengi huiona kama tahadhari kubwa kumbe ni kiwango cha chini kabisa. Rudia hesabu hii kwa kina tofauti na mitungi tofauti mpaka uweze kuifanya ukiwa umechoka, maana chini ya mita 40 naitrojeni hulevya na akili ya mezani hubaki mezani.

Nani anahitaji haya yote, utauliza, katika nchi isiyo na bahari? Waulize Mombasa. Jioni ya tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma kutoka kwenye kivuko cha Likoni na kutumbukia, ndani yake mama na binti yake wa miaka minne. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka mita 58 za maji yenye mkondo na machafu. Nchi nzima ilihesabu siku na kuuliza wazamiaji wanangoja nini. Kwenye mita 58 mgandamizo unakaribia baa saba. Hewa ya kawaida ni nzito karibu mara saba, inalevya, na oksijeni iliyomo inagusa mpaka wa usalama kwa anayefanya kazi. Kina hicho ndicho kozi hizi zimetungiwa, kwa gesi iliyochanganywa heliamu na kwa vituo vilivyopangwa. Miaka minane kabla yake, MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, wazamiaji walioletwa kutoka Afrika Kusini walishindwa na kina na mkondo. Hapa kwetu, Kikosi cha Majini cha Polisi ya Rwanda ndicho huitwa mtu anapozama Ziwa Kivu, Ziwa Muhazi au Mto Nyabarongo. Naona ukanda wetu umekaa muda mrefu mno ukiagiza ujuzi huu kwa ndege, miili ikiwa chini.

Zipo pia sababu za furaha. Nje ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imelala HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na SMS Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Iko kwenye mita 40 hivi, kina ambacho mzamiaji wa kawaida anakigusa na kugeuka, na aliyefunzwa anaweza kukaa akaitazama.

Kivu lenyewe ni zuri kwa mazoezi ya juu: halina mamba wala kiboko, na maji yake huwa maangavu kuliko ya Muhazi. Gesi ya methani inayoendesha mtambo wa KivuWatt huko Karongi iko kilindini, mamia ya mita chini, wala haimgusi anayeogelea. Kinachotakiwa kuogopwa ni mazuku, ile hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni upande wa Goma, ambayo huua watu na mbuzi bila harufu. Usipige kambi kwenye shimo la ufukwe usilolijua. Kichocho nacho kipo katika maziwa yetu. Pima baada ya msimu wa mazoezi, dawa yake ni rahisi. Na kwa kuwa ziwa ni maji baridi yasiyo chumvi, risasi za mkandani zilizokutosha Rubavu hazitakutosha Zanzibar. Mtu mwenye uzito wa kilo 100 pamoja na vifaa vyake huongeza kilo mbili na nusu hivi.

Kwa daktari, nenda kabla ya kulipa ada. Mtu mmoja kati ya wanne ana tundu dogo moyoni ambalo halikuziba alipozaliwa, na wengi huishi nalo hadi uzee bila kujua. Kwa mzamiaji wa vituo virefu linaweza kupitisha mapovu kwenda kwenye ubongo. Pumu, masikio yasiyosawazika na shinikizo la damu vitajwe bila aibu. Anayeshuka pwani kutoka nyanda za juu anaweza kupewa dawa za kinga ya malaria, na mojawapo, mefloquine, huleta kizunguzungu kinachofanana na dalili za mapovu. Mwambie daktari kwamba unakwenda kuzamia. Tafuta pia kabla ya safari ni wapi ilipo chemba ya mgandamizo iliyo karibu na mahali pa kozi na kama inafanya kazi mwezi huo. Piga simu wewe mwenyewe. Bima inayolipia chemba na ndege ya kuruka chini ni ya lazima, wala si anasa.

Vifaa, usinunue bado. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote ya wanaojiandaa wakiwa mbali na bahari: upweke unageuka kuwa ununuzi. Nunua miwani inayokukaa usoni, kompyuta nzuri yenye kupima kimo, na kigurudumu cha kuzungushia kamba ya kuchezea uani. Mengine mwalimu atakuambia, na mara nyingi atakuambia uuze ulichonunua.

Mwalimu huyo ndiye uamuzi mkubwa uliobaki. Mwandikie miezi kadhaa kabla, umweleze unaishi kimo gani, umefanya mbizi ngapi na katika maji gani. Mwulize mara ya mwisho yeye mwenyewe kuzamia kwa ajili yake, bila wanafunzi, ilikuwa lini. Mwulize kama mbizi za mwisho za kozi zinaweza kurudiwa ukishindwa, na kwa ada gani. Na mwulize ni wanafunzi wangapi amewahi kuwanyima cheti. Akijibu kwamba hajawahi kumnyima yeyote, mshukuru, kisha utafute mwingine.